Gari Lililoimba kwa Breki

Mbuke alijifunza kuendesha gari akiwa tayari na mvi, na kabla hajahitimu alikuwa amegonga ndoo, tenga la kuku na ukuta wa kanisa. Hakujali. Mwanamke aliyeanza biashara ya mchele kwa kuubeba kichwani, akaja kuufunga kwenye baiskeli, haoni haya kwa sababu ya tenga la kuku. Alinunua kigari kidogo cha rangi ya papai bivu, na soko zima la Nyasubi, mjini Kahama, likajua kuwa likionekana papai barabarani, kaa pembeni.

Ila alikuwa na tabia moja iliyomkosesha mumewe usingizi. Mbuke hakuwa na subira na mafundi. Bati likivuja, anapanda mwenyewe. Pasi ikigoma, anaifungua kwa kisu cha mboga. "Aliyeitengeneza alikuwa na mikono miwili," husema, "na mimi ninayo miwili." Mumewe, Enock, aliyewahi kuwa mlinzi wa ghala la pamba, ni mtu wa pole pole, anayepuliza hata uji uliopoa. Kila akimwona mkewe ameshika bisibisi, hutoka nje kwenda kuwaangalia mbuzi.

Binti yao Salome alipopata mchumba, kijana mnunuzi wa dhahabu wa Geita aitwaye Eliya, ikapangwa kwamba ndoa itafungwa Kahama asubuhi, kisha bibi harusi asindikizwe hadi Geita kwa wakwe. Mbuke akaapa msafara huo utasikika. Yeye mwenyewe aliolewa kimya kimya. Baba yake Enock alikuwa amefariki wiki ileile, na bibi harusi aliingia kwa wakwe bila hata kigelegele kimoja, akakaa kwenye mkeka pamoja na waombolezaji. Hakuwahi kumlaumu mtu. Ila kigelegele kile kilimkaa kooni miaka yote.

Basi akanunua redio na spika mbili kubwa kama vinu. Yeye na kina mama wenzake wa kikundi wakarekodi wimbo walioutunga wenyewe, wakauweka kwenye flashi. Siku moja kabla ya harusi, baada ya chakula cha mchana, akaazima drili kwa jirani seremala na kuingia kwenye buti la gari.

"Mama Salome," Enock aliita kutoka barazani, "nyuma ya hiyo plastiki kuna nini?"

"Kuna nafasi."

"Una hakika?"

"Baba Salome, hebu waangalie mbuzi."

Nyuma ya plastiki hakukuwa na nafasi. Kulikuwa na fungu zima la nyaya, zile zinazokwenda kwenye taa za nyuma na kwenye waipa ya kioo cha nyuma, na skrubu ndefu ya Mbuke ilipita katikati yake kama mshikaki. Hakulijua hilo. Kilichobaki ni umeme wa redio na spika, na karibu na taa akaona waya unaopendeza, mnene kiasi, wa rangi ya kijani. Akaumenya, akaunganisha wake, akazungushia utepe wa gundi, akapiga makofi kujipongeza.

Akawasha redio. Kimya. Akaizima, akaiwasha tena. Kimya. Enock alikuwa amerudi, amesimama na mikono nyuma, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mbuke akaingia kwenye usukani, akalirudisha gari nyuma kwa hasira, akakanyaga breki.

"FUNGUENI MLANGO!" wakapaza sauti kina mama ishirini kutoka kwenye buti, na waipa ya nyuma ikapunga mara mbili. Kuku wote wakaruka uzio. Enock akakaa chini kwenye mchanga.

Mbuke akaachia breki. Kimya. Akakanyaga. "FUNGUENI MLANGO!" Waipa ikapunga. Kila umeme ulipokatika, redio ilianza wimbo mwanzo, na umeme ulikuja tu mguu ukiwa kwenye breki, maana ule waya wa kijani ulikuwa wa taa za breki.

Walimpigia Magesa, fundi umeme wa magari anayeaminika mtaani kwao. Alikuwa amekwenda Maganzo kwenye msiba wa shangazi yake. Mbuke akajaribu kuitoa skrubu mwenyewe, lakini kichwa chake kilikuwa kimelika, bisibisi ikazunguka bure.

"Ng'oa nyaya za spika basi," Enock alisema kwa upole. "Twende kimya kimya. Wakwe hawatajua."

Mbuke alimtazama. Alisema tu, "Taa za breki zinawaka?"

Enock akainama nyuma ya gari. "Zinawaka."

"Basi tutaimba vipandevipande."

Kesho yake, baada ya ibada, wakatoka Kahama kwa barabara ya Kakola, papai likiwa mbele, limefungwa riboni nyeupe kila mahali, nyingine kwenye waipa. Nyuma yake lilifuata gari la maharusi, kisha basi dogo la ndugu. Enock alikaa kiti cha nyuma, ameshika mlango kwa mikono miwili. Pembeni ya Mbuke alikaa Euphrasia, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta.

Tuta la kwanza. "FUNGUENI MLANGO!" Waipa ikapunga riboni zake kama mzee anayepunga usinga. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi akainua mikono kucheza, na gari likanyamaza, naye akabaki mikono juu.

Tuta la pili. "FUNGUENI MLANGO!"

"Tufungue mlango gani?" akafoka mwendesha bodaboda.

Euphrasia alicheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni. Kufika Kakola, habari ilikuwa imetangulia, maana basi la abiria lililowapita lilikuwa limeisambaza. Watu walijipanga kandokando ya barabara. Wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope walikuwa wamegundua mchezo: gari likiimba, cheza, likinyamaza, ganda ulivyo. Mbuke naye akaushika. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Umati ukatikisika, ukaganda, ukatikisika. Mwanamume mmoja aliganda akiwa kwenye mguu mmoja, sinia la karanga kichwani, na hakuna karanga hata moja iliyodondoka. Mbuke alicheka huku machozi yakimtoka, na kila alipopunguza mwendo ili ayafute, wimbo ulianza upya.

Mbele kidogo askari wa usalama barabarani akanyoosha mkono. Papai likasimama, likiimba. Safari hii, kwa kuwa mguu ulibaki kwenye breki, wimbo uliendelea kidogo.

"Shikamoo mama. Zima muziki tuzungumze."

"Marahaba mwanangu. Nikizima, gari litaondoka. Hapa ni mteremko."

Askari akazunguka gari, akatazama taa, akatazama waipa. "Mama, breki zako zinaimba?"

"Nilitoboa mahali, baba. Nilikosea. Namsindikiza binti yangu kwa mumewe."

Askari akafikiri sana. "Sheria inataka taa ya breki iwake," akasema hatimaye. "Haijasema isiimbe. Ila Jumatatu nenda kwa fundi. Pita, uende taratibu." Walipoondoka, Enock akageuka na kumwona kupitia kioo cha nyuma, kofia mkononi, akicheza peke yake.

Geita walipokelewa na watu tele. Ukoo wa Eliya ulijaa uwanjani, na mbele yao alisimama baba mkwe, Mzee Amosi, mrefu, suti ya kijivu, uso usioonyesha kitu. Papai likaingia likiimba, likaegeshwa. Mbuke akaachia breki ili ashuke, na wimbo ukakatika. Uwanja wote ukaguna kwa huzuni. Akarudisha mguu. "FUNGUENI MLANGO!" Vifijo. Akauondoa. Kimya.

Hapo ndipo alipoelewa. Salome alikuwa anashuka kwenye gari la nyuma, shela likipeperuka, na mama yake hawezi kutoka kwenye kiti. Akitoka, binti anaingia kimya. Akibaki, ataona harusi kupitia kioo. Kicheko kikamkauka. Akakanyaga breki kwa nguvu, akatazama mbele.

Mlango wake ukafunguliwa. Alikuwa Enock, amevua koti.

"Toka," akasema. "Kikanyagio cha breki ni kipi?"

"Wewe hujui gari!"

"Sitaki kuliendesha. Nataka kulikanyaga. Ni kipi?"

"Cha katikati."

Enock, ambaye hakuwahi kukaa kwenye usukani wa kitu chochote, akaingia, akaweka mguu pale, akashika usukani kana kwamba anavuka mto. "Kacheze, Mama Salome. Mimi nipo."

Na kwa mara ya kwanza tangu Kahama watu wakausikia wimbo wote. *Fungueni mlango, tumemleta aliyekuwa taa yetu. Mkimkosea, tunajua njia ya kurudi kumchukua.* Uwanja ulilipuka. Mbuke alimshika Salome mkono, akapiga kigelegele kirefu, kirefu, mpaka ndege wakatoka kwenye nyaya za umeme. Mzee Amosi akapasuka kicheko kwa ule mstari wa kurudi kumchukua, akaingia uwanjani akiruka na suti yake.

"Wabeja, mkwe!" alipaza sauti kushukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana!"

Enock alikanyaga mpaka wimbo ukarudia mara ambazo hakuna aliyezihesabu, mguu ukamfa ganzi, na betri ikafa kabla ya mguu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, papai lilikataa kuwaka. Wakwe wa pande zote wakavua viatu vya harusi, wakashika buti na milango, wakasukuma. Euphrasia akahesabu kwa sauti ya tarumbeta. Mzee Amosi alisukuma kwa bega, akipokezana maneno na Enock kuhusu bei ya mbuzi, kama watu waliojuana toka utoto. Mbuke, akiwa kwenye usukani, aliachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka, nao wakabaki nyuma barabarani, pekupeku kwenye vumbi, wakipunga mikono na kupiga kelele asikanyage breki.