Korosho Zangu Kwenye Jiko Lisilo na Moshi

Marehemu mke wangu alikohoa miaka mingi kwa moshi wa kuchoma korosho, na sasa binti yetu ameanza kukohoa vilevile. Kwa hiyo umeme ulipofika kwetu Ruangwa, nilikwenda Nachingwea kutazama jiko la umeme la kuchomea nyama. Nililipenda mno. Unalifunika kama kitabu, kuku anaiva juu na chini kwa pamoja.

“Halina moshi kabisa, baba,” alisema dada muuzaji. “Unachomea hata sebuleni.”

Nilimwamini neno kwa neno. Moshi wa korosho naujua, ila nilidhani jiko lile limeuweza. Alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, jiko la maonyesho likiwa bado linawaka, nikamwaga humo konzi ya korosho zenye maganda, nikafunika. Nilitaka uhakika kabla ya kununua.

Mafuta ya maganda yakachemka, moshi mweusi ukajaa duka zima. Wateja wakakimbilia nje wakitokwa machozi.

“Nani kaweka korosho humu?” dada alifoka huku akikohoa.

Watu wakatazamana. Mfuko wangu wa shati ulikuwa umevimba kwa korosho. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Ni mimi, mwanangu. Lakini tazama, zimeiva pande zote mbili.”