Chumvi ya Ngano

Siku yangu ya kwanza kazini Gisenyi, katika miaka ya hamsini, niliingia ghala la kilimo nikiwa na diploma mfukoni na maswali mengi kuliko alivyotaka mkuu wangu. Tulimwita Bwana Agronome, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kilimo wa wilaya nzima. Alinionyesha magunia ya mbolea ya azoti, kirutubisho kinachokuza majani: punje nyeupe, kavu, zisizo na harufu ya zizi.

"Ngano ya Bugeshi itakula hii," alisema.

"Udongo wa volkano unaihitaji kweli, Bwana? Na mavuno yatakayoongezeka yatapita bei ya gunia?"

"Bon! Mi niliomba mutu wa kazi, wakaniletea juge."

Makarani wakacheka, na tangu siku hiyo nikaitwa Juge, hakimu.

Nilipangiwa kwanza Nyakiriba, kusimamia vipande vya majaribio: kimoja kilitiwa mbolea ya gunia, kimoja samadi, kimoja hakikutiwa kitu. Nilitaka misimu mitatu kabla ya kumshauri mkulima yeyote. Bwana Agronome hakungoja hata mmoja. Mwezi haujaisha, tukapanda mlima pamoja hadi Bugeshi, yeye aseme Kifaransa, mimi nitafsiri.

Wakulima wa kule walikuwa na neno lao la mbolea, ifumbire, lakini kwao ifumbire ilitoka zizini. Nilipolitumia kwa zile punje, mmoja akauliza, "Ifumbire nyeupe? Ni ng'ombe gani huyo anakunya unga?" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Bwana Agronome alianza kutazama saa. Nikatafuta neno la haraka.

"Basi, ni chumvi ya ngano."

Kicheko kikakoma. Watu wakaelewa. Walipanga mstari kupokea, kila mmoja kikapu chake. Bwana Agronome akanipiga bega: "Umeona, Juge? Iko rahisi."

Wiki mbili baadaye nilikuwa Nyakiriba nikipima urefu wa ngano, dereva wa lori la viazi akasimama. "Juge! Watu wa Bugeshi wanakushukuru. Ng'ombe zao zimepata chumvi ya bure."

Punje zile ni sumu kwa ng'ombe. Nilipanda lori lile lile hadi barabara ilipoishia, kisha nikashika njia ya miguu, nikipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amewapa wanyama. Wengi walikuwa bado wameweka vikapu darini. Mama Furaha, mjane aliyekuwa na ng'ombe watatu na kipande cha ngano, alikuwa ameshawamwagia kwenye kibao cha kulambia chumvi.

Nilimkuta ameshika kichwa cha ng'ombe mkubwa. Tumbo lilikuwa limevimba, povu linatoka mdomoni, miguu inatetemeka. Wale wawili wadogo walisimama kando. Mkubwa alikuwa amewasukuma asubuhi nzima ili alambe peke yake, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Nilikitupa kibao. Sikuwa na dawa, wala sikuijua.

"We ulisema ni chumvi," Mama Furaha akaniambia.

"Nilisema ya ngano, mama."

"Na tangu lini ngano iko na ulimi?"

Ng'ombe alikufa kabla ya jua kuzama, akiwa na mimba.

Nilirudi mjini, nikamweleza mkuu wangu kwamba kosa ni la neno langu. Hakuniacha nimalize. "Andika: mukulima hakufuata maelekezo." Mimi niliyehoji kila kitu sikuhoji hilo. Niliandika.

Msimu uliofuata nilimtilia Mama Furaha mbolea kwa mikono yangu, mstari kwa mstari. Ngano yake ilisimama nzito kuliko zote. Lakini wale wawili wadogo alikuwa amewauza, kwa hiyo hakuwa tena na samadi, na kila msimu ilibidi atafute gunia jingine. Katika ripoti shamba lake lilihesabiwa ushindi. Bwana Agronome alileta wageni kulitazama.

Mgeni mmoja akamuuliza kwa Kifaransa kama mbolea ni nzuri. Nikatafsiri.

"Muzuri sana," Mama Furaha akajibu, macho yake kwangu. "Inakula mpaka ng'ombe."

Wageni walinigeukia, wakingoja.

"Anasema ni nzuri sana," nikawaambia.

Nilihamishwa vituo vingi baada ya hapo, nikapanda vyeo, nikastaafu. Vijana wa kilimo huja nyumbani kuniuliza kama mbolea ya gunia inampa mkulima faida. Huwaambia ndiyo, ikipimwa vizuri, na udongo ukichunguzwa kwanza. Wanaandika, wananishukuru, wanaondoka. Kila wanapofika mlangoni nataka kuwaita warudi niwaambie yule mama alijibu nini hasa, na kila mara nawasikia wakifunga mlango.