Kofia ya Nakshi Isiyojulikana

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na jana nilipokuona umekiinamia kisanduku cha gari, bisibisi mkononi na uso umeukunja, ilinirudia yote.

Nilikuwa kijana wa kutengeneza redio hapa Kizingitini, maneno mengi kuliko kazi. Mamako, dada yangu, alikuwa na mimba yako, na daktari wa Faza alishamwambia kuwa umekaa vibaya tumboni, asithubutu kuzalia nyumbani. Maji yakipwa, mashua haifiki Faza. Lililobaki ni gari kuukuu la Bwana Shee, lililobeba samaki hadi likaliwa na chumvi. Nalo likagoma kuwaka. Mafundi wakasema ni kile kisanduku cha umeme chini ya dashibodi, ndicho kinachoiamuru mota, na kingine cha namna ile hakipatikani karibu.

Nikakipeleka kwa shangazi yetu Bi Rukia, mshona kofia, kwa kuwa chumba chake kilikuwa na mwanga mzuri. Nilipokifungua nikakisogeza dirishani. Redio nilizizoea, lakini hiki kilikuwa kitu kingine: kibao, na juu yake vijistari vya shaba vyembamba kama unywele, vinapinda, vinapishana, wala kimoja hakimgusi mwenzake. Nikasema subhanallah. Kisha, ujana tena, nikapasha moto chuma cha kulehemu ning'oe vipande vyote nione kipi kimekufa.

Bi Rukia alikuwa akidarizi, hata uso hakuinua.

"Ukimaliza kung'oa, utayua kila kimoya kilitoka wapi?"

"Nitakumbuka, shangazi."

"Huyui ndia ya uzi, washika mkasi?"

Akaiweka kazi yake chini, anionyeshe hiyo njia ya uzi. Mshona kofia akitaka kuiga nakshi ya kofia ya kale, haifumui. Huigeuza ndani nje, maana nje ni pambo, na ndani ndiko uzi unakoonyesha ulikopita. Kisha hutoboa karatasi kwa sindano, tobo kwa tobo, mpaka nakshi yote imehamia pale. Basi akanipa mswaki na maji ya mvua, nikaosha chumvi, tukakianika kibao. Kilipokauka akakigeuza mgongo, akakiinua dirishani.

Tulishinda hapo mpaka alasiri, mimi nikifuata mstari kwa kidole, yeye akitoboa karatasi. Pole pole nikaanza kuelewa. Huu waleta umeme, huu wapeleka amri, huu wawalinda wenziwe. Hakuna kona iliyokosa sababu. Mtu tusiyemjua, wa nchi tusiyoijua, alikaa akayafikiri yote hayo, na sisi chumbani Kizingitini tulikuwa tukiisoma fikra yake. Bi Rukia akavua miwani.

"Alotunga hii," akasema, "Mola amempa mkono."

Sijapata kumsikia akimsifu mshona kofia yeyote hivyo.

Na uzi ulipokatika tukapaona: mstari mmoja tu, umeliwa na chumvi. Nikauunga kwa waya wa shaba, tukakirudisha garini. Mota ikawaka, na mimi nikalia mbele za watu bila haya. Juma lile lile uchungu ukamshika mamako, maji yamepwa hata mashua zimelala kwenye tope, na gari likamfikisha. Ulizaliwa Faza, mzima, na kelele zako hazijaisha hadi leo.

Basi sikukatazi kufungua, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe inama. Ila ukiingia katika kazi ya mtu, piga hodi. Osha, geuza, fuata mstari, uchore, ndipo upashe chuma chako. Kuvunja hakuna fundi.

Ile karatasi yenye matobo Bi Rukia hakuitupa. Na ile kofia unayovaa Ijumaa, aliyokushonea Bi Rukia ukiwa mchanga uje uivae ukikua, ambayo watu wakiishika huuliza nakshi yake ni ya wapi? Leo igeuze ndani nje, uiweke kando ya kisanduku chako, uufuate uzi. Utapaona hata pale nilipounga.

Mola alitangulize jicho lako mbele ya mkono wako, na mkono wako uwafae watu. Amin.