Kilio cha Stoo

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nyumba yetu ya Kasoli ilikuwa na sheria moja ambayo haikutungwa na baba wala mama. Ilitungwa na bibi, mzaa baba, na ilisema hivi: kinacholia ndani ya nyumba lazima kiitikiwe. Akilia mtoto, inuka. Kikilia kifaranga kilichobanwa na mlango, inuka. Hata ndama akilia zizini kupita kawaida yake, mtu aende akamwone, hata kama hana la kumfanyia.

"Nyumba ina masikio," bibi alikuwa akisema. "Ukikiacha kilio mpaka kinyamaze chenyewe, nyumba inazoea. Ikishazoea, siku ukilia wewe hakuna atakayekusikia."

Mama alikuwa akitabasamu tu na kuendelea na kazi zake. Mimi niliamini neno kwa neno, maana nililala kitanda kimoja na bibi na kila alichoamini kilinifikia kwanza.

Leo nina nyumba yangu Bariadi mjini, na nimesoma kiasi cha kujua kwamba matofali hayana masikio. Lakini anapopita yule muuzaji na spika yake begani, ile sauti iliyorekodiwa ikirudia rudia, "sumu ya panya, mende, kunguni, gundi ya panya ipo," mwili wangu husisimka. Mume wangu hunicheka. Anadhani naogopa panya.

Mwaka ninaousimulia pamba ilikubali sana. Magunia yalijaa stoo, yakapangwa juu ya mengine mpaka karibu na bati, kando ya vihenge vya michembe, viazi vyetu vilivyokatwa na kukaushwa. Panya nao wakahamia. Baba alisema panya wa Kasoli nzima wamekuja kujiandikisha kwetu. Walitafuna michembe, wakatoboa magunia, wakazalia humo humo ndani ya pamba. Mama aliwavumilia mpaka walipomla mdogo wangu Shija, ambaye alikuwa bado ananyonya, kidole cha mguu. Panya hung'ata huku akipuliza, kwa hiyo mtoto hakushtuka hata kidogo. Asubuhi tulikuta damu kwenye kanga aliyolalia.

Sumu mama hakuitaka. Paka wetu alikufa kwa kula panya aliyekula sumu ya jirani, na kuku walikuwa wanaingia stoo wapendavyo. Basi siku ya mnada akaenda, akarudi na gundi.

Sikuwahi kuiona kabla ya hapo. Ilikuwa kadi ngumu iliyokunjwa katikati, na kwa kuwa ilikuwa na jalada la rangi nilidhani nimeletewa daftari, nikaipokea kwa furaha. Mama aliifungua taratibu, ikatoa sauti ya kubanduka. Aliitandika kando ya ukuta, kwa sababu panya hapiti katikati ya chumba, akaweka kichwa cha dagaa wa Lamadi pale kati. Asubuhi yake tulikuta mende sita, mjusi mmoja na panya wawili. Mende na mjusi walikuwa wametulia. Panya walikuwa wanalia.

Bibi alisimama mlangoni na fimbo yake. "Mama Limi," akamwambia mama, "hao uwaue au uwaachie. Usiwaache wakilia."

"Nisamehe, mama," mama akajibu, na alijibu kwa adabu, macho chini. "Niwagonge damu iruke kwenye pamba? Hawa wamemla mjukuu wako kidole. Watanyamaza wenyewe."

Bibi akageuka na fimbo yake. Mama alikuwa na haki, na simtetei kwa kuwa ni mama yangu. Mtu akishaona kidole cha mwanawe kimetafunwa, humfundishi tena kumhurumia panya. Tatizo la nyumba yetu ni kwamba kila mtu alikuwa na haki yake.

Kazi ya kuikunja kadi na kuitupa chooni, panya akishanyamaza, nilipewa mimi. Wiki ya kwanza nilijifunga kanga masikioni, na shuleni mwalimu aliniuliza kwa nini nasinzia. Wiki ya pili niligundua kwamba nikiwasha redio ya baba, kilio kinapungua. Wiki ya tatu sikuhitaji redio. Nilikunywa uji wangu wa asubuhi huku panya akilia upande wa pili wa ukuta, na uji ulikuwa mtamu vile vile. Nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba mimi siogopi.

Siku nyingine nilikuta kadi haina kitu, ina manyoya machache tu na harufu ya mafuta. Nilimfuma bibi mchana mmoja. Alikuwa amekaa chini stoo, miguu ameinyoosha, anamdondoshea panya mafuta ya kula kwenye miguu na kumbandua kwa unyoya wa kuku, mguu mmoja mmoja. Panya alimng'ata. Bibi akafuta damu kwenye kanga, akaendelea.

"Usimwambie mama yako, ng'wana wane, mwanangu," akaniambia.

"Lakini atarudi, bibi."

"Arudi. Nyumba itakuwa imesikia."

Alimtia kwenye kopo, akaenda kumtupa mbali shambani. Nilimcheka. Nilikwisha kuwa mkubwa, kwa maoni yangu.

Kisha ikafika Jumamosi ile. Baba na mama walipakia awamu ya kwanza ya magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda kituo cha kununulia pamba. Waliyatoa magunia upande ulio karibu na mlango, kwa sababu ndiyo yaliyofikika kwa haraka, na yaliyobaki yakasimama yameinama kidogo. Mama aliliona hilo. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mwangalie Shija. Stoo usiingie, magunia yamekaa vibaya." Aliniambia mimi. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akianika michembe, wala mimi sikumfikishia neno hilo.

Nilimfunga Shija mgongoni, nikaenda kucheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, na mabinti wa jirani mbele ya nyumba yao. Jua lilipokuwa juu ya kichwa nilirudi ndani kunywa maji. Ndipo nikasikia.

Ilikuwa sauti nyembamba kutoka stoo. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena. Nikajisemea, panya huyo. Nikachota maji mtungini, nikanywa. Ikaja tena, na safari hii ilikuwa ndefu kuliko pumzi ya panya. Hilo nimekuwa nikijiambia moyoni kana kwamba nililifahamu baadaye, ukubwani. Si kweli. Nililijua pale pale, kikombe kikiwa mdomoni. Nilijua ni ndefu mno. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kuisikia sauti ya stoo bila kuinuka, na mchezo ulikuwa umefika patamu, na zamu ya kurushiwa mpira ilikuwa yangu. Nikarudisha kikombe mahali pake, nikavuta mlango nyuma yangu.

Mama wa jirani alikuwa amekaa kizingitini pake akipepeta mahindi. "Mwadila, Limi," akanisalimu. "Bibi hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Baba na mama walirudi jua likielekea kuzama. Baba ndiye aliyefungua stoo. Nilimsikia akiita, "Mayu! Mayu!" akimwita mama yake kama mtoto mdogo, nami sikuwahi kumsikia baba yangu akiita hivyo.

Magunia matatu yalikuwa yamemwangukia bibi kiunoni. Chupa ya mafuta ilikuwa imelala kando, imemwagika. Unyoya ulikuwa hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenasa kwenye gundi, vidole vyote vitano, na kando ya vidole hivyo alikuwepo panya, yu hai, mguu mmoja tu ndio ulikuwa bado haujabanduliwa. Bibi alikuwa hai pia. Macho yake yalikuwa wazi na hakuwa akilia tena. Alikuwa amenyamaza mwenyewe.

Mama alichukua mafuta yaliyobakia kwenye chupa, akapiga magoti, akaanza kuubandua mkono wa mama mkwe wake, kidole kimoja kimoja. Nilisimama na Shija mgongoni, nikatazama, nikajua kwamba nyumba imezoea.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Alilala huko siku nyingi, kisha akaomba arudishwe nyumbani, tukamweka chumba kile kile nilichokuwa nikilala naye. Sasa nililala chini, mkekani, nisije nikamgusa. Sikulala kwa kweli. Kila akikohoa niliinuka kabla hajamaliza. Mama alidhani nimekuwa mtoto mwema sana.

Mchana mmoja, tukiwa wawili tu, bibi akanishika mkono. Vidole vyake bado vilikuwa na mabaka pale ngozi ilipotoka na gundi.

"Limi, siku ile niliita."

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Niliita mara nyingi. Ulikuwepo ndani?"

"Hapana, bibi."

"Hukunisikia?"

"Sikukusikia. Nilikuwa kwa jirani."

Uso wake ukalegea, nikaona wazi kwamba amepata raha. "Basi afadhali," akasema. "Nilikuwa nimelala hapa nikiogopa. Kama hukusikia, ni umbali tu. Nyumba haijazoea."

Alifariki kabla pamba ya msimu uliofuata haijatoa maua. Mama hakununua gundi tena. Aliamini ni yeye aliyemuua kwa kuyaacha magunia yameinama, na mpaka leo akipita karibu na magunia yaliyopangwa huyagusa kwa kiganja, kuyapima. Sijawahi kumwondolea mzigo huo. Ningemwondolea kwa sentensi moja, na sentensi hiyo imenikaa kooni zaidi ya miaka ishirini.

Kuhusu masikio ya nyumba, nimefikiri sana. Nadhani bibi alifahamu kwamba mtoto humwambii, "wewe utazoea," kwa sababu hataamini. Unamwambia nyumba. Kuta za Kasoli hazikuwa na kosa. Aliyezoea ni mimi, tena kwa wiki tatu tu.

Jumapili iliyopita mume wangu alileta gundi, kwa sababu mende wamezidi jikoni. Sikumkataza, maana ningelazimika kueleza. Jana, baada ya chakula cha mchana, binti yangu Minza alinijia uani. Tulimpa jina la bibi, na ana umri ule ule niliokuwa nao.

"Mama, kuna kitu kinalia jikoni."

Niliacha nguo kwenye beseni, nikainuka. Alikuwa panya mdogo, nyuma ya mtungi wa gesi. Nikachukua chupa ya mafuta, nikakaa sakafuni, nikaanza kumdondoshea. Minza akachuchumaa karibu yangu. Hadithi ya bibi anaijua kama inavyosimuliwa kwetu, kwamba aliangukiwa na magunia, akaita, watu walikuwa mbali.

"Na bibi alikuwa anamtoa panya hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Akaita, hakuna aliyemsikia?"

Mafuta yalikuwa yanaenea polepole chini ya tumbo la panya. Alikuwa ameacha kulia, ananitazama tu.

"Mimi nilimsikia," nikasema.

Mafuta yakawa yanamwagika sakafuni, nje ya kadi. Minza akaichukua chupa mkononi mwangu, akaendelea kumimina yeye.