Moshi wa Dada Mkubwa

Pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, hakuna aliyeanza kazi bila kupita kwanza kwa Mama Moto. Yeye ndiye aliyechochea kuni kwenye boila la kuchemshia maji, na asubuhi za baridi wenzake walijazana mlangoni kwake wakiota moto na kumwaga umbea. Alipenda kusalimiwa wa kwanza. Nani asiyependa?

Kisha ikaletwa mashine ya umeme ya kuchemshia maji, akapewa mdogo wake aiendeshe. Mdogo huyohuyo ambaye yeye mwenyewe ndiye alimbembelezea kazi kwa meneja! Mama Moto akapelekwa kukunja mashuka, na umbea wote ukahamia chumba cha mashine, ambacho wala hakikuwa na moto wa kuota. Wivu ukamshika. Shukrani ya punda ni mateke, alijisemea kila akikunja.

"Hiyo kuondoa kaboni mnayoiimba ndiyo nini?" alimuuliza mdogo wake siku moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu. "Masizi si nilikuwa nafagia kila jioni?"

"Siyo masizi, dada. Ni kuacha kuchoma vitu vinavyotoa hewa ukaa, ile inayozidisha joto duniani. Yenyewe haionekani."

"Na umeme wako unashuka mbinguni?"

"Huu wetu ni wa maporomoko ya maji. Ungekuwa wa makaa ya mawe, tungekuwa tumemhamishia jirani moshi tu."

Lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Siku ya uzinduzi wa mashine, wageni wakiwa uani wanaambiwa kwamba bomba la moshi limestaafu, Mama Moto alijipenyeza kwenye boila lake akawasha kuni mbichi. Alitaka mdogo wake aumbuke, basi. Hotuba ikiwa katikati, bomba likafuka moshi mzito, wageni wakainua vichwa.

"Nani amewasha?" meneja akauliza.

Mama Moto alikwisha kutokeza mlangoni, mikono imejaa masizi. Mdogo wake akaitazama ile mikono, akawahi kujibu kabla yake.

"Ni mimi. Nilitaka wageni waone tulichokiacha."

Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akasema somo hilo sasa limemwingia.

Mama Moto akaificha mikono nyuma ya aproni. Damu nzito kuliko maji, alilijua hilo. Mdogo wake alikuwa amemwokoa asifukuzwe. Lakini kilichomuuma hakikuwa aibu. Moshi ulikuwa wake, na makofi yalikwenda kwa mwenziwe.