Kampuni Iliyomsalimu Fundi Abdulkadiri

Fundi Abdulkadiri hajawahi kuiacha salamu ipite bila jibu. Ukisimama mbele ya cherehani yake hapa Kariakoo ukamwambia asalaam aleikum, hata kama amebana pini nne mdomoni, atazitoa zote ndipo akuitikie. Mimi Severa ni Mchaga, Mkatoliki, nauza zipu, vifungo na nyuzi kwenye fremu inayotazamana na baraza lake. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiniambia, "Mama Nice, kusalimu ni sunna, kuitikia ni wajibu." Nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Ana miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Ilala, mtoto wa fundi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki na mabinti zake wameolewa Tanga. Akikupima kiuno mara moja hakupimi tena, anakumbuka mpaka Idi nyingine. Mpira aliupenda tangu zamani, ila ulikuwa wa kubishana tu. Mwaka jana akajiunga na kampuni moja ya kubeti kwenye simu, akaanza na shilingi mia tano.

Nilikuwa naona yanayotokea, maana tunakaa uso kwa uso. Mkeka, yaani ile orodha ya timu alizobetia, ukichanika, simu inamwambia, "Umekosa kidogo tu!" hata kama timu tatu zimemwangusha. Akikaa siku tatu hajacheza, inamtafuta: "Asalaam aleikum Abdulkadiri. Hatujakuona. Kwema?" Chini yake kitufe cha kijani kimeandikwa Itikia. Akikibonyeza, hapana mtu wa kuongea naye. Anajikuta kwenye orodha ya mechi, na dau limeshaandikwa tayari.

"Fundi, unaitikia salamu ya kompyuta?" nilimwuliza.

"Aliyeituma ni mtu, Mama Nice. Na kaniuliza hali yangu. Wewe jana uliniuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli.

Mwezi huu nikamletea kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Sabaha, mteja wangu wa siku nyingi, ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wake, na akina mama wa kamati walitaka sare. Nikamwambia, fundi ni yule pale. Sabaha akamkabidhi Abdulkadiri laki sita anunue vitenge kwa bei ya jumla, maana fundi ndiye anayejua duka gani halichanganyi majora. Wakakubaliana Ijumaa saa kumi jioni aje na wenzake kuona kitambaa na kupimwa.

Jumanne mchana fundi akaja akakaa juu ya boksi la nyuzi, midomo imemkauka. Ile laki sita alikuwa ameiingiza kwenye simu kidogo kidogo, mpaka ikabaki elfu arobaini. Halafu asubuhi hiyo mkeka mmoja ukajibu. Alikuwa na laki sita na elfu kumi na mbili.

"Basi Mungu kakuokoa," nikamwambia. "Zitoe!"

Akanionyesha simu. Alikuwa ameshaomba kuzitoa. Kuingiza hela ni kufumba na kufumbua, lakini kutoa wameandika: ombi lako linashughulikiwa, saa sabini na mbili. Na hapo hapo kuna kitufe chekundu, kikubwa, kinawaka na kuzima: Ghairi, rudi kucheza.

"Nimekitazama hiki tangu nilipoomba, saa sita na nusu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. "Kidole changu sikiamini. Kaa na simu, Mama Nice. Ijumaa mchana hela itaingia yenyewe."

Nikaichukua kwa majivuno. Mjini hapa nimeshauziwa uongo wa kila rangi, nitashindwa na simu? Nikaifungia kwenye droo ya zipu.

Jumatano ililia mara kumi na moja. Alhamisi niliacha kuhesabu. "Abdulkadiri, zawadi yako inaisha baada ya dakika kumi!" na saa inarudi nyuma mbele ya macho yako. Zikiisha, zinaanza dakika kumi nyingine. Nilijua ni uongo, na bado niliifungua droo kila ilipolia. Nilimpa mteja zipu za suruali badala ya za gauni. Nilianza kuiogopa ile droo.

Ijumaa fundi akaenda msikitini. Saa sita na nusu, muda waliouahidi, ikapita kavu. Saa saba kasoro simu ikalia.

"Asalaam aleikum Abdulkadiri. Ijumaa njema. Mbona kimya?"

Na kitufe ni kimoja tu. Itikia.

Niliwaza, labda wanangoja mwenyewe ajibu ndipo waachie hela. Niliwaza pia kwamba fundi yuko kwenye swala, na salamu ya Ijumaa imelala kwenye droo yangu kama takataka. Nikajiambia kuitikia si kubeti. Nikabonyeza.

Kioo kikajaa fataki. "Hongera! Umepokea zawadi ya shilingi 5,000." Chini kukawa na maandishi madogo kama ya kwenye kopo la dawa: kwa kupokea zawadi, ombi la kutoa fedha limesitishwa, na salio lote litachezwa mara kumi kabla ya kutolewa. Laki sita, mara kumi.

Nikapiga namba ya huduma. Msichana akapokea kwa sauti tamu. "Mteja wetu, zawadi ikishapokelewa, vigezo na masharti huzingatiwa. Una swali lingine?" Nilikata kabla sijamtukana.

Fundi alirudi na kofia yake kichwani, anatabasamu. "Imeingia?"

Nikamweleza yote, nangoja anitukane. Akasoma yale maandishi taratibu. Ndipo nikaogopa zaidi ya mwanzo, kwa sababu hakukasirika. Uso wake ulilegea. Alikuwa amefarijika, kama mgonjwa aliyeruhusiwa chumvi.

"Basi hapa hakuna ujanja, Mama Nice," alisema. "Wenyewe ndio wametaka. Inabidi tucheze."

Akavuta kigoda, kidole gumba kikaanza kupandisha mechi. Nilitaka kumpokonya simu. Nikatazama saa ya ukutani: saa nane kasoro robo. Nikamwona Sabaha na kamati yake wanakuja kupimwa, wananiuliza mimi niliyewaleta, kitambaa kiko wapi.

Zile saa sabini na mbili za kungoja hela nikazisahau kabisa, nikainama begani kwake.

"Fundi," nikasema, "ipi inaisha kabla ya saa kumi?"