Kiti Kitupu cha Masjala

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Faili ametunza masjala ya ofisi ile ya serikali, na magoti yake yanaijua kila ngazi, maana meza iko juu na mafaili ya zamani yako chini, stoo. Mtu akitaka hati yake, Mama Faili hushuka, huinama, hupuliza vumbi, hupanda.

Basi akaja msomi wa chuo kikuu, Daktari, kutafiti utendaji wa watumishi wa umma. Kijana mwenye adabu, shikamoo haimkauki mdomoni. Wiki mbili alikaa kwenye benchi la wageni, jicho kwenye saa, akiandika. Mama Faili akamwombea heri.

Kitabu kikatoka. Bosi wa ofisi akamwita Mama Faili, akamsomea: "Karani wa masjala hayupo kazini nusu ya siku." Kisha akampa barua: kuanzia Jumatatu atakaa getini, kuandika magari.

"Nilikuwa wapi, bosi wangu?"

"Daktari alihesabu kiti, mama. Kiti kilikuwa kitupu."

Hasira ilimpanda hadi masikio yakalia, yeye ambaye hata wanawe hakuwahi kuwafokea. Mungu amsamehe. Alirudi mezani, akaketi, akakunja mikono.

"Dada, faili langu la kiwanja!"

"Liko chini, kaka yangu. Mimi niko kazini, huoni nimekaa?"

"Leo mama kaota mizizi!" mzee mmoja akasema, foleni ikacheka. Ilipofika barabarani, haikucheka tena. Bosi akashuka stoo mwenyewe, akarudi na suti imejaa vumbi, mkononi faili la mtu mwingine. Akampigia Daktari simu.

Mchana Daktari alifika, jasho linamtoka. "Nisamehe, shangazi. Sikujua kuna stoo."

"Wiki mbili, mwanangu! Mdomo si ulikuwa nao? Ungeniuliza tu, 'Shangazi, unakwenda wapi?'"

Bosi akaichana barua. Daktari akatoa kalamu, akaufuta ule mstari kwenye kitabu cha Bosi, akatia sahihi pembeni. Wote wawili wakamtazama kana kwamba yamekwisha.

"Vingine mmechapa vingapi?"

"Mia tano, shangazi. Vimeshagawiwa huko wizarani."

"Basi anza na cha waziri," alisema Mama Faili. "Karani wa masjala hapa ni mimi peke yangu. Kila anayekisoma, ananisoma mimi."